Niliona Kidonda, Nikaandika Vipimo Vyake, Sikuhisi Chochote

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mkufunzi katika chuo kimoja cha uuguzi hapa Mbeya, nina umri wa miaka 38, nimeolewa na nina watoto wawili. Nilifanya kazi wodini kwa miaka 7, sehemu kubwa ya muda huo katika wodi ya mifupa, kabla ya kuhamia darasani, na sasa natimiza mwaka wa 6 nikifundisha. Tangu mwaka jana ninasoma shahada ya uzamili huku nikiendelea na kazi, na utafiti wangu unahusu watu walioumia uti wa mgongo na kupooza, baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani: wanaishi vipi, nani anawageuza kitandani, nani anawasaidia haja ndogo na kubwa, na vidonda vya mgandamizo huanza wakati gani. Nilichagua mada hii kwa sababu wodini nilizoea kuwaona wakirudi. Kijana anaruhusiwa mwezi wa tatu akiwa na ngozi nzima, na mwezi wa sita analetwa kwenye machela akiwa na tundu juu ya makalio ambalo ngumi inaingia.

Kila Jumamosi napanda kosta za Kyela alfajiri, nashuka upande wa Rungwe, nachukua bodaboda mpaka barabara inapoishia, kisha napanda kilima kwa miguu. Nimekwisha kuwatembelea watu 14 kati ya 20 niliokusudia. Wengi wao walianguka kutoka juu ya miti, hasa miparachichi wakati wa mavuno, wachache walipata ajali za pikipiki, na mmoja alifunikwa na kifusi akichimba mchanga. Wana viti mwendo vya aina ya hospitalini, vyenye magurudumu madogo mbele, ambavyo kwenye miteremko ile yenye matope havisogei hata hatua 5, kwa hiyo vimegeuzwa kuwa mahali pa kuanikia nguo.

Chuoni nafundisha moduli 4, na kila moja ina wanachuo wapatao 120. Siku mbili kwa wiki niko wodini kusimamia mafunzo kwa vitendo. Wakufunzi watatu wameondoka tangu mwaka juzi, mmoja kwa kustaafu, mmoja kwa uhamisho na mmoja kwa masomo, na nafasi zao hazijajazwa. Vipindi vyao tumegawana sisi tuliobaki bila yeyote kutuuliza kama tunaviweza. Kusahihisha nafanyia nyumbani usiku, watoto wakishalala. Silalamiki kuhusu wenzangu, maana nao wako hivyo hivyo, na mkuu wa chuo ni mtu muungwana ambaye kila nikimweleza hunijibu kwamba tuvumilie.

Miezi miwili iliyopita nilifika kwa kijana wa miaka 24 aliyeumia shingo. Nilikuwa katikati ya usaili, kinasa sauti kikiendelea kurekodi, alipoanza kutoka jasho usoni na kusema kichwa kinampasuka. Nilikuwa na mashine ya presha kwenye mkoba. Ilikuwa imepanda vibaya sana. Niliacha daftari, tukamkalisha mimi na mama yake, nikafuata mpira wa mkojo nikaukuta umejikunja chini ya paja na mfuko hauna kitu. Nilipounyoosha mkojo ulitiririka, na baada ya muda kichwa kikatulia. Nilipomweleza mmoja wa wasimamizi wa utafiti wangu, alisema kwamba pale niliacha kuwa mtafiti na kwamba taarifa za nyumba ile zimechafuka. Tangu siku ile mama wa kijana ananipigia simu, wakati mwingine saa nane za usiku, na wengine watatu wamepata namba yangu kwake. Napokea. Sijui nitaachaje kupokea.

Kinachonifanya nikuandikie ni jambo lililotokea wiki tatu zilizopita. Katika nyumba nyingine, walinifunulia kidonda nikakipima: sentimita 9 kwa 6, kingo zimechimbika, harufu ipo. Niliandika vipimo vyake, nikauliza swali lililofuata kwenye mwongozo wangu, sikuhisi chochote. Ndani ya kosta nikirudi nilikuwa nawaza karatasi za mtihani tu. Jumatatu yake darasani, nikifundisha namna ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2, mwanachuo mmoja alinyoosha mkono akauliza ni vipi muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 30 atafanya hivyo. Nilimjibu kwamba kama hataki kazi, mlango uko wazi. Darasa zima lilinyamaza. Mimi niliyekuwa nikiitwa chuoni mama wa wanachuo.

Nimefikiri kuacha utafiti, na nimefikiri pia kuomba kurudishwa wodini na kuacha kufundisha. Mume wangu anasema niache kimoja, chochote kile. Je, Mama, niache kipi? Na je, nilikosea kwa yule kijana? Nina swali jingine dogo ambalo naona aibu kumuuliza msimamizi wangu: mama wa kijana yule alinifungia mkungu wa ndizi nilipokuwa naondoka, akaniambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mara tatu. Nilizipokea. Je, hiyo si kununua utafiti?

Mkufunzi, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama mahali pale pale, kwenye maneno yako kwamba uliandika vipimo vya kidonda na hukuhisi chochote. Mengine yote uliyoyataja, yaani usiku wa kusahihisha, safari za Jumamosi na simu za saa nane, ni uchovu, na uchovu mtu hulala akaamka nao umepungua. Hili la kutohisi ni jambo la namna nyingine, na wewe unalifahamu kuliko wasomaji wengi wa safu hii, kwa sababu ndilo unalolichunguza katika miili ya watu.

Kwa ajili ya wasomaji ambao si wauguzi, nieleze kidogo. Mtu mwenye uti wa mgongo mzima akikaa vibaya kwa muda, nyama iliyobanwa kati ya mfupa na kiti hukosa damu, inauma, naye anajisogeza bila hata kukumbuka kwamba amejisogeza. Aliyeumia uti wa mgongo hapati taarifa hiyo. Nyama inakufa kimyakimya. Tena si lazima mgandamizo uwe mkubwa. Majaribio yaliyofanywa Marekani na kuchapishwa kuanzia mwaka 1959 yalionyesha kwamba mgandamizo mdogo unaodumu kwa saa nyingi huharibu nyama sawasawa na ule mkubwa wa muda mfupi, na kwamba kuuondoa kila baada ya muda, hata kwa dakika chache, hupunguza sana madhara. Ndiyo sababu ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2, na ndiyo sababu anayekaa kwenye kiti mwendo hufundishwa kujiinua au kuegemea upande mmoja kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Sasa jitazame. Hakuna hata kimoja kati ya vitu ulivyovitaja ambacho peke yake kingekuangusha. Moduli 4 watu wanafundisha, na utafiti wa uzamili watu wanaufanya wakiwa kazini. Kilichokosekana ni wakati ambapo kimojawapo kinaondolewa juu yako hata kwa muda mfupi: Jumatatu hadi Ijumaa ni chuo, Jumamosi ni vilima vya Rungwe, usiku ni karatasi, na saa nane ni simu. Mfano huu una mpaka wake, nami naufurahia mpaka huo: wewe umegundua kwamba huhisi, ukaaibika, ukaandika barua. Aliyekufa ganzi kabisa haandiki.

Wataalamu wamekuwa wakiichunguza hali hii, ambayo kwa Kiingereza huitwa burnout, tangu miaka ya 1970, na Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, limeiweka kama hali inayotokana na kazi, bila kuiita ugonjwa. Linaitambua kwa mambo matatu: nguvu kuisha, mtu kujitenga na kazi yake moyoni au kuitazama kwa kejeli, na kuona kwamba hafanyi tena kitu cha maana. La kwanza umelieleza katika kila aya, na la pili ndilo lililotokea mbele ya kidonda na mbele ya mwanachuo. La tatu sijalisikia katika barua yako, kwa hiyo nadhani bado tupo mapema. Hata hivyo, kama usingizi haurudi hata ukipata nafasi ya kulala, au umepoteza hamu ya chakula na ya watu wako, au mawazo ya kutotamani kuishi yamepita kichwani, nenda umwone daktari wiki hii hii, katika hospitali ambayo si ile unayosimamia wanachuo wako, ili uwe mgonjwa kama wagonjwa wengine.

Nianze na yule kijana, kwa sababu hapo jibu langu ni fupi. Hukukosea. Mtu aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, mpira wa mkojo ukiziba au choo kikikwama, mwili wake wa chini hutuma ishara ambayo ubongo hauwezi kuituliza, mishipa ya damu inabana, na presha inapanda kiasi cha kuweza kupasua mshipa kichwani. Ulimkalisha, ukatafuta chanzo, ukakiondoa. Ndivyo inavyofundishwa, na kama ungeendelea kuuliza maswali ya mwongozo wako huku jasho linamtoka, leo ningekuwa nakuandikia barua kali sana. Azimio la Helsinki, lililopitishwa mwaka 1964 na ambalo kila mtafiti wa afya huapa nalo hata kama hajalisoma, linasema wazi kwamba lengo la kupata maarifa mapya haliwezi kamwe kutangulia haki na maslahi ya mtu anayechunguzwa. Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo halikukupa leseni inayokoma unapotoa fomu ya ridhaa mkobani.

Kuhusu taarifa kuchafuka, namheshimu msimamizi wako, lakini hapa sikubaliani naye. Unachunguza namna watu waliopooza wanavyoishi nyumbani, na umeshuhudia kwa macho yako kwamba mpira wa mkojo ukijikunja, hakuna mtu ndani ya nyumba ile anayejua kwamba maumivu ya kichwa ya kijana yanatoka chini ya paja lake. Hilo ni tokeo la utafiti, pengine lenye uzito kuliko majibu yote uliyoyarekodi siku hiyo. Liandike kama lilivyotokea, na wewe ukiwemo ndani yake: saa ngapi, presha ilikuwa ngapi, ulifanya nini, mama alijua nini na hakujua nini. Msomaji wa tasnifu yako ataelewa kwamba mtafiti alikuwa muuguzi. Kibaya kingekuwa kuficha.

Kosa lipo, ila liko mahali pengine, nalo si la dhambi. Andiko lako la utafiti, kama nilivyoielewa barua yako, halikusema ni nini kitafanyika mtafiti akikuta dharura au kidonda kinachohitaji matibabu, na kwa kuwa halikusema, wewe mwenyewe umekuwa jibu. Namba yako ya simu imekuwa ndiyo zahanati. Rudi kwa kamati ya maadili iliyokupa kibali, uombe marekebisho ya andiko, uandike utaratibu wa rufaa: ni dalili zipi zitakufanya usitishe usaili, ni zahanati ipi iliyo karibu na kila nyumba, nani katika hospitali ya wilaya atapokea, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji kile ni nani. Kuomba marekebisho katikati ya utafiti ni jambo la kawaida kabisa. Wanakamati huhangaishwa zaidi na mtafiti anayejifanya hakuona kitu.

Utaratibu huo ukishakuwepo, zile familia 4 zitembelee mara moja zaidi, safari hii bila kinasa sauti. Wafundishe dalili: kichwa kuuma ghafla, jasho usoni, ngozi ya uso kuwasha moto. Wafundishe kukalisha kwanza, kufuata mpira kuanzia mwilini mpaka kwenye mfuko, kisha kwenda hospitali mara moja kama maumivu ya kichwa hayatulii. Waonyeshe kuikagua ngozi kila asubuhi na jioni, kwenye mfupa wa makalio, visigino na nyonga, tena uwaambie jambo ambalo vitabu vingi vya uuguzi hulipita haraka kwa kuwa picha zake ni za ngozi nyeupe: kwenye ngozi zetu ule wekundu wa mwanzo hauonekani vizuri, kwa hiyo waguse, wasikilizie joto, ugumu, au mahali ambapo rangi imekuwa tofauti na ya jirani yake. Waachie namba za zahanati na za mhudumu wa jamii zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Yako waeleze kwamba itapokelewa saa fulani za mchana, na usiku uizime. Najua maneno haya yanaonekana makatili. Lakini mama yule anapokupigia saa nane wewe uko Mbeya, yeye yuko kilimani kule, na hata ukipokea huwezi kuunyoosha mpira kwa simu. Jirani mwenye pikipiki anaweza kumfikisha hospitali.

Nije chuoni. Mwanachuo aliyekuuliza ataigeuza vipi wodi ya wagonjwa 30 alikuuliza swali zuri kuliko yote utakayoulizwa mwaka huu, na nadhani ndiyo maana ulimkaripia. Fanya naye hesabu ubaoni. Mgonjwa mmoja akigeuzwa kila baada ya saa 2 ni mara 12 kwa siku. Wakiwa wagonjwa 6 waliopooza ni mara 72. Tuseme kila mara inachukua dakika 10, tukihesabu na kukagua ngozi na kunyoosha shuka: hizo ni dakika 720, yaani saa 12, na kwa kuwa kugeuza kunahitaji watu wawili, ni saa 24 za nguvu kazi. Zamu tatu nzima za mtu asiyefanya kitu kingine chochote. Baada ya hapo darasa lako litaelewa kwa nini katika wodi zetu ndugu wa mgonjwa ndio wanaogeuza, na kwa nini kumfundisha ndugu huyo tangu siku ya kwanza ni kazi ya uuguzi yenyewe, siyo hisani. Mwombe radhi mwanachuo huyo mbele ya darasa, kwa sentensi moja, kisha mpe chaki.

Halafu fanya hesabu hiyo hiyo kwa ajili yako. Karatasi 120, kila moja dakika 6, ni dakika 720. Namba imejirudia, sikuipanga. Ni saa 12 kwa moduli moja, na kwa moduli 4 ni saa 48. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki 4. Kwa hiyo awamu moja tu ya majaribio inakula wiki nzima ya kisheria kabla hujaingia darasani na kabla hujakanyaga wodini. Hili mkuu wa chuo hajalijua, naamini, kwa sababu wewe na wenzako mmekuwa mkimpelekea neno "tumechoka", na kwa neno hilo mtu muungwana hana jibu jingine zaidi ya "tuvumilie".

Mpelekee karatasi. Kaa na wakufunzi wenzako, kila mmoja aandike kwa wiki 4 saa zake za darasani, za wodini, za kusahihisha, za kutunga mitihani na za vikao, mjumlishe, muweke kwenye ukurasa mmoja, na muende pamoja. Ukienda peke yako litakuwa tatizo la mkufunzi mmoja ambaye ana mambo mengi kwa sababu anasoma, na sentensi hiyo utaisikia hata kama haitatamkwa. Mkuu wa chuo hana uwezo wa kuajiri, hilo tulikubali. Kama chuo ni cha serikali, vibali vya ajira vinatoka mbali na ofisi yake. Lakini anao uwezo wa kupanga upya ratiba ili majaribio ya moduli zote yasiangukie wiki moja, wa kuomba wauguzi wazoefu wa wodini washiriki kusimamia wanachuo ili wewe uwe huko siku moja badala ya mbili, na wa kuruhusu sehemu ya majaribio kuwa ya maswali ya kuchagua jibu. Ombeni hayo matatu kwa maandishi, na muende nayo pia kwa mwakilishi wa chama chenu cha wafanyakazi, maana michango mnakatwa kila mwezi.

Nchini Finland, ambako ustawi wa walimu wa uuguzi wakiwa kazini umechunguzwa kwa miaka mingi, watafiti huutazama kwa pande nne: mfanyakazi na kazi yake, mazingira ya kazi, umahiri wa kitaaluma, na jumuiya ya wafanyakazi wenyewe. Nakutajia si kwa sababu Mbeya ni Finland, bali kwa sababu sisi huku tunautazama upande wa kwanza tu. Mkufunzi akilemewa tunamwambia asali, apumzike, ajipende. Ni maneno mema, lakini hayapunguzi karatasi hata moja.

Kuna kisa ambacho wakufunzi wa uuguzi hukisimulia nusu. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbilia Uingereza kutoka Ujerumani, alifungua wodi ya walioumia uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, wakati ambapo wengi wa waliopooza walikufa mapema kwa vidonda na maambukizi ya figo. Alisisitiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na yeye mwenyewe alionekana wodini usiku akihakikisha. Nusu inayosahaulika ni kwamba kazi ile ilifanywa na timu kwa zamu. Aliyegeuza saa sita usiku hakuwa yule yule wa saa sita mchana.

Sasa, uache kipi? Kwa leo usiache chochote, kwa sababu mtu hafanyi uamuzi wa miaka 20 akiwa hajalala vya kutosha. Sitisha safari za Jumamosi mpaka mitihani ya muhula huu ipite na marekebisho ya kamati ya maadili yarudi. Umebakiza watu 6, nao hawatapotea. Mwandikie msimamizi wako tarehe utakayorejea, ili ajue kwamba usitishaji wako una mwisho. Utakaporejea, nenda kwa nyumba moja kwa siku, na ukishuka kilimani tafuta mahali ukae nusu saa uandike ulichokiona na kilichokuingia, kabla ya kupanda kosta; na kama ukurasa wa kilichokuingia utabaki mweupe mara mbili mfululizo, simama tena na uniandikie. Kurudi wodini sikukatazi, ila usiende kwa kukimbia. Wodi unayoikumbuka ni ya miaka 6 iliyopita, na waliobaki huko nao wana hesabu zao.

Mume wako ana haki ya kuchoka na hali hii. Mwonyeshe ile karatasi ya saa kabla hujaipeleka kwa mkuu wa chuo, kwa sababu nadhani naye anadhani kinachokula usiku wenu ni utafiti, wakati kwa hesabu niliyoiona hapa ni usahihishaji.

Ndizi ulifanya vema kuzipokea. Nimeishi Rungwe, na ninajua mwenye nyumba anayekataliwa mkungu wake hurudi ndani akijiuliza amekosa nini. Kununua utafiti kungekuwa kama ulimwahidi kitu ili akubali kusailiwa, au kama yeye alikupa ili uandike analolitaka. Aliyekupa alikuwa mama ambaye mwanawe alikuwa anapasuka kichwa na sasa amelala. Andika kwenye daftari lako la uwandani tarehe, mkungu mmoja wa ndizi, umetolewa baada ya usaili, umepokelewa. Safari ijayo mpelekee kilo moja ya sukari, na hiyo nayo uiandike.